Jotoridi lililosomwa katika mwanga unaofifia

Kati ya kilomita 30 na 90 juu yetu kuna hewa isiyofikika kwa urahisi. Puto za hali ya hewa hupasuka zikiwa ndiyo kwanza zinaingia humo, na setilaiti ikishuka kiasi hicho huungua. Kwa miaka mingi habari zililetwa na roketi, ambazo ni ghali na kila moja hupima kwa dakika chache tu. Ndiyo maana kazi ya Alain Hauchecorne na Marie-Lise Chanin, iliyofanyika katika kituo cha Haute-Provence kusini mwa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 1980, inastahili kufunguliwa tuone ilivyoundwa. Wao walipima jotoridi la huko juu wakiwa ardhini, kwa leza.

Chombo chao huitwa lida. Hurusha mpigo mfupi wa mwanga kuelekea juu, molekuli za hewa zikautawanya kila upande, na chembe chache za mwanga zikarudi kwenye darubini. Kimo hujulikana kwa muda: mwanga uliogonga hewa ya kilomita 60 hurudi baada ya sekunde 0.0004. Wingi wa mwanga unaorudi, ukishasahihishwa kwa umbali, hufuata wingi wa molekuli. Chini ya kilomita 30 hesabu hii haiaminiki, kwa kuwa chembe za vumbi na za volkano nazo hurudisha mwanga.

Lakini nguvu ya leza hupanda na kushuka, vioo huchafuka, utusitusi wa anga ya chini hula sehemu ya mwanga. Lida haiwezi kusema kwa uhakika kuna hewa kiasi gani mahali fulani. Na haihitaji kusema. Hewa yenye joto hutanuka, hivyo hupungua polepole kadiri unavyopanda. Yenye baridi hupungua haraka. Jotoridi limo katika mwendo wa kupungua huko. Zidisha vipimo vyote kwa 10, jibu halibadiliki hata kidogo. Sijui mbinu nyingi za kupima zenye uhuru wa namna hii.

Hesabu yenyewe hutegemea kanuni ya zamani: kanieneo mahali popote ni uzito wa hewa yote iliyo juu yake, kama gunia la chini linavyobeba rundo zima. Jumlisha uzito, gawanya kwa msongamano, upate jotoridi. Kikwazo ni pa kuanzia, kwa sababu juu ya kilomita 80 au 90 mwanga unaorudi ni hafifu mno. Hapo mpimaji hulazimika kukisia jotoridi la kilele.

Uamuzi wa kuanzia kilele kushuka ndio uliookoa kazi nzima. Tuseme umekosea kwa nyuzi 20 katika kilomita 85. Ukifika kilomita 70, hewa imeongezeka takriban mara 10, na kosa lile limemezwa na uzito mpya hadi kubaki nyuzi 2 hivi. Ukianzia chini kupanda, mambo hugeuka: kosa dogo la chini hukua kwa kiwango kile kile hadi jibu lote likose maana.

Gharama yake ni subira. Ili kupata mwanga wa kutosha kutoka vimo vya juu, mipigo mingi sana hujumlishwa, mara nyingi kwa saa kadhaa, tena usiku usio na mawingu. Mabadiliko ya haraka hupotea ndani ya wastani huo.

Hata hivyo yaliyoonekana yalitosha kubadili mawazo. Mwaka 1987 Hauchecorne, Chanin na mwenzao Wilson walieleza tabaka za mesosfia, sehemu ya juu ya hewa hiyo, ambamo jotoridi, badala ya kushuka kwa kimo kama ilivyotarajiwa, hupanda ghafla. Walizihusisha na mawimbi ya hewa yanayotoka chini, yakakua kadiri hewa inavyopungua, kisha yakavunjika na kuachia nguvu zake huko. Kipimo kimoja cha roketi kingeweza kulipita tabaka kama hilo na likahesabiwa kuwa hitilafu ya chombo. Lida ililiona likirudi usiku baada ya usiku.