Bango la Nembo Ukutani

Baada ya Vita vya Kagera ukuta wa sebule yetu hapa Cheyo ulikuwa na mapambo mawili tu: picha ya Mwalimu Nyerere na bango la nembo ya taifa. Bango lenyewe lilikuwa karatasi hafifu. Wino mwekundu ulikuwa umevuka mpaka wake, ukaingia kwenye buluu ya mawimbi. Kwa jicho la mchoraji hodari, ile ilikuwa kazi duni. Hata hivyo, sijaona picha nyingine iliyonifundisha utaifa kama ile.

Hebu tuitazame. Katikati ipo ngao. Juu unawaka Mwenge, chini yake bendera, kisha jembe na shoka vilivyopishana, na chini kabisa mawimbi. Mkuki umesimama kati ya vyote. Hamna bunduki wala adui. Wakati wa vita tulimwita Amin nduli, na haki tulikuwa nayo, maana majeshi yake yalivamia Kagera Oktoba 1978. Lakini Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, maneno mengi ya hasira yalibaki bila kazi. Bango halikuwa na neno la kufuta. Lilitueleza sisi ni nani bila kumtaja tuliyepigana naye. Hiyo naihesabu kuwa sifa yake ya kwanza.

Sifa ya pili ni kwamba kila mtu alijiona humo. Jembe na mkuki katika ngao moja: huyo ndiye mgambo, mkulima aliyeacha shamba akaenda vitani. Na zile pembe za ndovu kandoni? Mgeni pengine huona pambo. Mnyamwezi huona mzigo. Babu zetu walizibeba mabegani, kwa miguu, kutoka huku Unyanyembe hadi Bagamoyo.

Kaka yangu mkubwa alikwenda na mgambo, hakurudi. Hakuacha picha hata moja. Mama alikuwa na desturi ya kumgusa kwa kidole yule mwanamume wa kwenye nembo, aliyesimama juu ya Kilimanjaro na karafuu miguuni pake, akasema, "Huyu hapa mwanangu." Mwanamume yule hana sura ya mtu maalumu, ndiyo maana alimtosha mama.

Lakini uhakiki wa haki hautaji sifa peke yake. Bango liliandika Uhuru na Umoja, gharama halikuiandika. Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikaisha, miaka ikafuata, sabuni na sukari zikazidi kuadimika, na bango kama letu likaendelea kuning'inia dukani juu ya rafu tupu. Wafu nao hawakupewa nafasi. Makaburi ya mashujaa wa vita vile yapo Kaboya, mkoani Kagera, na nauli ya kufika huko mama hakuipata kamwe. Mimi naona kwamba karatasi inayosema kwa niaba ya taifa, katika nyumba iliyotoa mtoto, ingestahili kuacha walau mstari mmoja mtupu.

Mama ametangulia mbele ya haki. Bango ninalo mimi, limepauka, kingo zimeliwa na mende. Nyuma yake nimeandika jina la kaka kwa kalamu ya risasi. Mbele sikuthubutu kugusa.