Kapu Linalozunguka

Kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kugusa sentrifuji, fundi anayeijua kazi humrudisha kwanza kwenye pani, kule sukari inakopikiwa. Huchota rojo kidogo, hulipaka juu ya kioo, hukiinua mbele ya taa. "Unaona nini?" Mgeni huona uji wa kahawia unaong'aa. Fundi huona chembe: zimelingana, au katikati yake limezuka vumbi la chembe changa kwa sababu mpikaji alikuwa na haraka. Vumbi hilo litaziba wavu, shira itakwama, na lawama zote zitamwangukia mtu wa sentrifuji, masikini, ambaye hakupika.

Kidatu, mkoani Morogoro, Chuo cha Taifa cha Sukari kiko jirani na kiwanda. Ujirani huo una thamani, maana somo hili halikai lote ubaoni.

Sentrifuji yenyewe ni kapu la chuma lenye matundu, lililoning'inizwa kwenye mhimili. Kapu la kipenyo cha mita 1.2 likizunguka mara 1,200 kwa dakika, rojo hugandamizwa ukutani kwa nguvu ya zaidi ya mara 900 ya uzito wake. Shira hupenya, chembe hubaki.

Sasa swali ninalolipenda kuliko yote: kapu likionekana dhaifu, tufanyeje? Darasa zima hujibu, tuongeze unene wa chuma. Mwalimu habishi, huwaachia kalamu. Baada ya muda minong'ono hukatika. Ukuta ukinenepa, uzito unaozungushwa nao hunenepa vivyo hivyo, na mkazo unaotokana na chuma chenyewe unabaki palepale. Unene husaidia kubeba rojo tu. Kilichosalia ni kutafuta chuma bora zaidi, au kupunguza mwendo. Na mwendo ukishuka hadi nusu, nguvu ya kutenganisha hubaki robo. Nadhani mhandisi huzaliwa katika kimya kile.

Halafu kuna maji. Chembe zikishabaki ukutani hunyunyiziwa maji ya moto kwa sekunde chache, yasafishe shira iliyozing'ang'ania. Ukizidisha, sukari hutoka nyeupe pee na kila anayepita husifia. Lakini kilo moja ya maji ya nyuzi 80 huweza kuyeyusha zaidi ya kilo 3 za sukari, nayo hupita wavuni kimyakimya. Mwanafunzi mwenye mkono mwepesi wa bomba hupelekwa maabara akapime mwenyewe alichomwaga.

Mzunguko ukiisha, kapu hupunguza mwendo, kisu huingia, sukari huporomoka chini kwa mshindo laini. Wanafunzi husogea kuitazama. Mwalimu wao yuko upande wa pili, ameinama kwenye mfereji wa shira, kidole kimoja kimeshalowa.