Bwana Harusi Anayetafuna Mifupa

Msimulizi hodari hamwonyeshi fisi-mtu mapema. Anamleta mgeni mtanashati, mpole, mwenye mahari ya kutosha, kisha anamkalisha karamuni na wakwe. Wenzake wanaweka mifupa kando; sahani yake yeye inarudi tupu. Basi. Hakuna kingine kilichosemwa, na watoto wameshaanza kusogeleana.

Huku Gwarama, kwenye miinuko ya Buha, baridi ya Juni na Julai humweka kila mtu jikoni hadi maharage yaive, na maharage hayana haraka; ndipo hadithi husimuliwa. Kisa cha binti aliyekataa wachumba wote akaolewa na zimwi kimeenea Afrika Mashariki. Wakikuyu humpa zimwi wao, irimu, mdomo wa pili kisogoni, uliofichwa na nywele. Mimi nampenda zaidi fisi, maana kwake msimulizi habuni sana. Fisi ana miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, akitembea utadhani anachechemea: bwana harusi naye anapanda kilima akichechemea kidogo. Fisi humeng'enya mifupa hata kinyesi chake kikikauka huwa cheupe: asubuhi bibi harusi anakuta kitu cheupe nyuma ya nyumba, anafagia, ananyamaza.

Katika The Wolf Man, filamu ya Marekani ya 1941, mtu hugeuka mnyama kwa sababu aling'atwa, nasi tunamhurumia. Fisi wetu hakung'atwa na yeyote. Anauvaa utu kama koti la kwendea posa, na msimulizi hamtafutii udhuru.

Uovu wa namna hiyo ni mtamu kuusikiliza na ni hatari kuubandika kwa mtu. Singida, katika miaka ya 1940, mauaji yaliyodaiwa kufanywa na “watu-simba” yalifika mahakamani. Hiyo haikuwa hadithi tena. Ndiyo maana hadhira huitikia kwanza “uwongo njoo”, na msimulizi fundi hamtaji jirani, wala bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa mafiga ya jikoni. Hata neno “ametoka mbali” huku kwetu linahitaji uangalifu, kwani wakimbizi wa Burundi walipokelewa mwaka 1993 na tena 2015. Fisi-mtu anatoka porini. Mtoto akiuliza pori la wapi, anajibiwa porini. Akiuliza tena, anaulizwa yeye kama ameshaleta kuni.