Ni Nani Aliyemtuma Mtumishi? Uhakiki wa Kaulimbiu ya Polisi wa Kenya

Nembo za taifa za Uganda, Kenya na Tanzania zote zina ngao na mikuki. Picha hizo hazihitaji mkalimani: anayezitazama anaelewa kwamba dola hujilinda. Maneno yanayoambatana na nembo za vyombo vya usalama, kwa upande mwingine, yanahitaji kusomwa kwa makini. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuichambua kaulimbiu ya polisi wa Kenya, Utumishi kwa Wote, kisha tutazame inatufundisha nini sisi wa Uganda.

Tuanze na umbo. Kaulimbiu hii ina maneno matatu, wala haina kitenzi. Kwa hiyo haina kiima wala njeo. Hatuambiwi nani anatumikia, wala kama anatumikia sasa au atatumikia kesho. Ufupi ni desturi ya kaulimbiu, lakini ahadi isiyomtaja mtendaji ni vigumu kuidai.

Neno la kwanza ndilo lenye uzito. Mzizi wake ni -tum-, ule ule uliozaa tuma, mtume na mtumwa. Mtume hutumwa kwa heshima. Mtumwa hutumwa bila hiari. Mtumishi yuko katikati: hutumwa kwa hiari yake na kwa ujira. Wote watatu wana aliyewatuma. Hapo ndipo kaulimbiu inaponyamaza. Inawataja wanaotumikiwa, haimtaji aliyetuma.

Ukimya huo si jambo la sarufi tu. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, iliripoti vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilitokana na risasi. Ripoti hiyo iliwalaumu polisi kwa kutumia nguvu kupita kiasi. Tarehe 25 Juni 2024 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji kwenye Bunge, Nairobi. Siku hiyo hiyo kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya kilitua Haiti kusaidia kurejesha usalama. Neno wote lilivuka bahari, huku nyumbani likipunguzwa.

Je, basi, kaulimbiu ni pambo tu? Hatukubali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliondoa katika jina la Kiingereza la polisi neno lenye maana ya nguvu, ikaweka lenye maana ya huduma. Yaani kaulimbiu ilitangulia, jina likaifuata. Ibara ya kwanza ya Katiba hiyo inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Aliyetuma sasa anajulikana: ni wale wale wote.

Na sisi? Kiswahili kilienea hapa kwa sehemu kubwa kupitia jeshi la KAR, lililoundwa mwaka 1902. Utawala wa Idi Amin (1971–1979) ukawafanya raia wengi wakione kuwa lugha ya bunduki. Lakini polisi wetu wameandika ahadi yao ya kulinda na kutumikia kwa Kiingereza, kama ilivyo kaulimbiu ya taifa. Raia wa kawaida ameamrishwa kwa Kiswahili, akaahidiwa kwa Kiingereza. Haishangazi kwamba bado wapo wanaoingia madarasani mwetu wakikihofia Kiswahili.

Mwaka 2005 Katiba yetu ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Tunapendekeza ahadi hiyo nayo iandikwe kwa Kiswahili, na iandikwe kwa vitenzi: Tunawalinda, tunawatumikia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataona tofauti. Kiambishi tu- kinamtaja mdaiwa, na -wa- kinamtaja mwenye haki ya kudai.