Ufundi wa Kitenzi Kinachomrudia Mtenda

Kitenzi kirejeshi katika hali ya masharti hubeba mambo mawili kwa pamoja: tendo linalomrudia mwenye kulitenda, na tendo ambalo halijatokea ila lingetokea endapo jambo jingine lingetimia. Kiswahili hukijenga kwa neno moja. “Angejitayarisha” lina a- ya nafsi, -nge- ya masharti, -ji- ya kurejesha, kisha shina, na mpangilio huo haupinduliwi. Mwanafunzi wa Mosocho, jirani na mji wa Kisii, hauoni kuwa mgeni, kwa kuwa Ekegusii nayo ni lugha ya Kibantu ambayo kitenzi chake hubeba nafsi, wakati na yambwa ndani ya neno moja. Kihispania kikija kuwa lugha yake ya nne, baada ya Ekegusii, Kiswahili na Kiingereza, iwe katika chuo kikuu jijini Nairobi au miongoni mwa Wakisii wengi waliohamia Minnesota, Marekani, mazoea hayo humsaidia hapa na kumponza pale.

Kihispania hutumia maneno mawili. Kitenzi “prepararse”, yaani kujitayarisha, huvuliwa “se”, na “preparar” iliyobaki huongezwa kiishio bila kukatwa chochote: -ía, -ías, -ía, -íamos, -íais, -ían. Kiwakilishi cha kurejesha hutangulia: “me prepararía”, “te prepararías”, “se prepararía”, “nos prepararíamos”, “os prepararíais”, “se prepararían”. Vitenzi vichache hubadili shina, kama “ponerse” inayotoa “me pondría”, lakini viishio havibadiliki kamwe.

Uzuri wa ujenzi huu huonekana inapotafutwa nafsi. “Prepararía” peke yake yaweza kuwa ya mimi au ya yeye, kwa kuwa kiishio cha nafsi hizo mbili ni kimoja. “Me” au “se” ndiyo huamua. Katika Kiswahili kinachoamua ni kiambishi cha mwanzo, na -ji- haijali nani anatenda: ningejitayarisha, tungejitayarisha, na hata mlango ungejifunga. Aliyezoea -ji- isiyobadilika huishika “se” na kuibandika kwa kila nafsi, akatunga “yo se prepararía”, sentensi ambayo mwanzo wake unataja “mimi” na kirejeshi chake kinataja “yeye”.

Hata hivyo Kiswahili kina mahali kinapofanya kama Kihispania. “Irse” ni kuondoka, kushika njia, na “me iría” inalingana sawasawa na “ningeenda zangu”. “Te irías” ni ungeenda zako, “se iría” ni angeenda zake, “nos iríamos” ni tungeenda zetu. Neno hilo dogo linalofuata kitenzi hubadilika kwa nafsi, wala halimaanishi kwamba mtu anajitendea jambo. Linaonyesha tu kwamba tendo ni lake, na kwamba mahali pale anapaacha. Mfano huu mmoja hufundisha matumizi ya “irse” haraka kuliko kanuni ndefu.

Historia nayo inasogeza lugha hizi karibu. Hali ya masharti ya Kihispania ilitokana na kitenzi kizima kilichofuatwa na “había”, ambayo ilifupika ikawa “ía”. Kihispania cha kale kiliweza kupenyeza kiwakilishi kati ya sehemu hizo: “levantarme ía”, ningeamka. Kireno bado huandika “levantar-me-ia” katika maandishi rasmi. Kirejeshi hapo kimekaa katikati, kama -ji-, ingawa shina limetangulia na alama ya masharti imefunga mlango.

Penye sentensi ya sehemu mbili, njia hutengana. Walimu wa Kiswahili nchini Kenya husisitiza ulinganifu: inayoanza na -nge- imalizike na -nge-, inayoanza na -ngali- imalizike na -ngali-. “Angeamka mapema, angejitayarisha.” Kihispania hukataa ulinganifu huo. Baada ya “si”, yaani kama, huja hali tegemezi ya wakati uliopita, na masharti hubaki upande wa pili: “Si se despertara temprano, se prepararía.” Mwanafunzi aliyefunzwa kulinganisha atasema “si se despertaría”. Vitabu vya sarufi hulikataa umbo hilo, japo husikika kwa wenyeji wa kaskazini mwa Uhispania, Burgos na nchi ya Wabaski zikiwemo.

Si kila “se” hudai -ji-. “Levantarse” ni kuamka au kuinuka, “sentarse” ni kuketi, “ducharse” ni kuoga, na “me lavaría las manos” ni ningenawa mikono. Vitenzi hivi vya Kiswahili vina mrejeo ndani yake tayari. Vilevile “se ayudarían” yaweza kuwa kila mtu kujisaidia mwenyewe au watu kusaidiana, na Mhispania huongeza “el uno al otro” akitaka kuondoa utata. Kiswahili kina -ana kwa kazi hiyo: wangesaidiana. Anayeandika “wangejisaidia” kwa haraka huwapeleka wahusika wake chooni. “Me gustaría”, ningependa, nayo hufanana na virejeshi bila kuwa kimojawapo: kwa yeye husemwa “le gustaría”, na “le” hiyo, badala ya “se”, ndiyo kipimo.

Lililokwisha kupita hujengwa kwa kitenzi kisaidizi “habría”, na kiwakilishi hakiachi nafasi yake ya mbele: “me habría preparado”, ningalijitayarisha. Kukanusha huanza na “no”, kabla ya kiwakilishi: “no me habría preparado”. Kiswahili sanifu huingiza -si- baada ya nafsi, nisingalijitayarisha, ingawa Wakenya wengi husema “hangejitayarisha” pale vitabu vinapotaka “asingejitayarisha”. Ufundi wa kutunga, basi, una utaratibu wake: kwanza kuuliza kama tendo linamrudia mtenda kweli, kisha kuchagua kiwakilishi cha nafsi yake, kisha kuongeza kiishio kwenye kitenzi kizima, na mwisho kuhakikisha kwamba masharti hayakuvuka kwenda upande wa “si”.