Deni la Mlangoni

Mtu aliyekulia kwenye vibanda vya video, iwe Izigo, Kamachumu au Bukoba mjini, ana kanuni mbili kichwani. Steringi hafi. Na adui unamjua kwa sura kabla hajafungua kinywa, na kama hukumjua, msimuliaji atakunong'oneza. Sasa chukua hadithi ambayo steringi na adui wana sura moja, jina moja na cheo kimoja, ila mmoja ni wa ulimwengu huu na mwingine ni wa ulimwengu wa pili. Kanuni zote mbili zinayumba. Hadithi kama hiyo hushonwaje mpaka mtazamaji asipotee njia?

Mfano wa kufungulia mshono ni "Mirror, Mirror," sehemu ya sizoni ya pili ya tamthilia ya Star Trek, iliyorushwa Marekani tarehe 6 Oktoba 1967. Iliandikwa na Jerome Bixby na kuongozwa na Marc Daniels. Wanaoikumbuka hukumbuka kwanza ndevu za Spock, msaidizi wa kapteni. Mimi nasema ndevu ni lebo tu ya nje. Kilichoifanya hadithi hii iendelee kuzaa nyingine kwa miaka zaidi ya hamsini ni deni lililoachwa mlangoni.

Tuanze na mlango. Kapteni Kirk, daktari McCoy, fundi mkuu Scott na ofisa mawasiliano Uhura wako kwenye sayari ya Wahalka, wakiomba ruhusa ya kuchimba madini. Wahalka wanakataa, kwa kuwa madini hayo yanaweza kutumika kuua. Wanne hao wanapandishwa kwenye chombo chao, Enterprise, kwa mwale wakati wa dhoruba ya ioni, na wanatokea kwenye Enterprise isiyo yao. Bixby haelezi fizikia ya jambo hilo zaidi ya sentensi chache. Ameshatupa sababu moja, dhoruba, na ukomo mmoja, muda wa kurudi ni mfupi. Mlango wa hadithi hauhitaji zaidi ya hapo.

Kisha inakuja kazi ya alama. Seti ni zilezile, waigizaji ni walewale. Vilivyoongezwa ni vya bei rahisi: mishipi ya dhahabu, majambia viunoni, saluti ya ngumi kifuani, na ukutani nembo ya dunia iliyochomwa upanga. Ofisa Chekov anajaribu kumuua kapteni wake, kwa sababu huko ndivyo watu wanavyopanda cheo. Na Spock ana ndevu. Mtazamaji anayewasha televisheni katikati ya kipindi anajua mara moja yuko upande upi. Ukitaka kuonyesha ulimwengu mwingine bila fedha za kujenga mji mpya, usibadilishe nyumba. Badilisha namna watu wanavyosalimiana ndani yake.

Ufundi mgumu zaidi uko kwenye uigizaji. William Shatner haigizi Kirk mbaya kwa muda mrefu. Kazi yake kubwa ni kuigiza Kirk mwema anayejifanya Kirk mbaya, huku akiogopa kugunduliwa. Nichelle Nichols naye ana mzigo huohuo. Watazamaji wa Kiswahili wana sababu ya kumfuatilia: jina la Uhura lilichongwa kutoka neno letu "uhuru," na wiki moja tu kabla, tarehe 29 Septemba, katika "The Changeling," mashine ilimfuta kumbukumbu na alipokuwa akifundishwa upya alirudia Kiswahili. Katika "Mirror, Mirror" anapelekwa peke yake kwenye chumba cha uongozaji, mahali ambapo ofisa Sulu wa huko anamtamani bila haya. Baadaye anamrairai makusudi ili Sulu asiione taa ya tahadhari inayowaka, kisha anamzaba kofi na kuchomoa jambia. Ni dakika chache tu, lakini zinafundisha: mgeni katika ulimwengu wa pili anapimwa kwa kazi anayopewa kule, na maelezo ya mdomo hayamsaidii kitu.

Wale wanne waovu waliotupwa upande wetu je? Hapa Bixby alijibana vizuri. Tunawaona kwa muda mfupi sana. Spock wetu amewatambua na kuwafungia. Hoja inayotolewa ni kwamba mstaarabu anaweza kujifanya katili, ila katili hawezi kujifanya mstaarabu. Kwa hoja hiyo moja mwandishi ameokoa nusu ya kipindi na kueleza kwa nini safari ya upande mmoja tu ndiyo yenye hadithi.

Sasa tufike mlangoni, wakati wa kuondoka. Spock mwenye ndevu amekwisha kugundua ukweli na anawasaidia warudi. Kirk anatumia sekunde za mwisho kumshawishi. Spock mwenyewe amekadiria kwamba dola lao litaangushwa baada ya miaka kama 240. Ya nini basi kulitumikia? Kirk anamwachia wazo la kubadili mambo, na anamwambia pia kuhusu silaha ya siri iliyofichwa chumbani kwa kapteni. Spock anajibu kwamba atalifikiria. Kirk anarudi nyumbani, wenzake wanatabasamu, muziki unapigwa.

Mzee wa Kihaya angeshtuka hapo. Katika masimulizi yetu ya kale, mfalme Wamara na wenzake waliingia chini ya ardhi, kwenye milki ya Kintu. Walikaribishwa, wakapewa zawadi, mifugo na mbegu, wakarudi juu. Wamara akasahau kulipa fadhila. Kintu akamtuma Rufu, yaani Kifo, akafuatilie deni. Ndivyo kifo kilivyokuja kwetu, kwa njia ileile waliyopita ng'ombe na mbegu. Simulizi hiyo haihitaji pande mbili zipingane kama wema na uovu. Inahitaji kitu kivuke, na mtu asahau.

Kirk ni Wamara aliyegeuzwa. Yeye ndiye aliyetoa zawadi, na yeye ndiye aliyeondoka bila kuuliza itafanya nini. Ilichukua miaka 27 kwa waandishi wa Star Trek kudai deni hilo. Mei 1994, katika "Crossover" ya tamthilia dada, Deep Space Nine, ofisa Kira na daktari Bashir wanavuka na kukuta binadamu ni watumwa. Wanaelezwa kilichotokea. Spock alipanda hadi kileleni, akahubiri mageuzi, akapunguza silaha, na dola likalegea. Waklingoni na Wakardasia wakaungana na kulimeza. Wazo jema la Kirk ndilo lililofungua mlango wa utumwa. Hakuna fataki wala ndevu katika maelezo hayo, ni mazungumzo tu, na bado yanatikisa kuliko mapigano yote ya 1967, kwa sababu yanakurudisha kwenye tukio ulilolishangilia na kukuuliza ulikuwa unashangilia nini.

Hicho ndicho kipimo ninachotumia kwa hadithi zote za aina hii: ni nini kimevuka, na nani analipa? "In a Mirror, Darkly" ya tamthilia iitwayo Enterprise, iliyorushwa kwa sehemu mbili Aprili 2005, inafaulu. Haina hata mhusika mmoja wa upande wetu, na hata utangulizi wake ulibadilishwa, muziki na picha, ukawa wa vita. Kilichovuka ni chombo, Defiant, kilichopotea katika "The Tholian Web" ya 1968. Waovu wanakiokota na kuanza kuuana kwa ajili yake. Wanaokikumbuka wanajua kimetoka wapi, na asiyekijua anaona tu tamaa ikifanya kazi yake. Kitu kimoja kinabeba hadithi mbili.

Tamthilia ya Discovery nayo, kuanzia 2017, ilificha deni ndani ya mtu. Kapteni Lorca anatokea mara ya kwanza akiwa na macho yanayoumia mwanga, na tunaambiwa ni jeraha la vita. Januari 2018 tunajua kwamba watu wa ulimwengu ule ndivyo macho yao yalivyo, na kwamba Lorca ndiye kitu kilichovuka. Alama iliwekwa wazi tangu mwanzo, ikapewa sababu ya uongo inayoaminika. Huo ni ufundi uleule wa Bixby wa kubadili kitu kidogo, ila safari hii mtazamaji hakuambiwa kwamba kimebadilika.

Wapi inaanguka? Pale ambapo mlango unakuwa wa kupita kila siku. Deep Space Nine ilirudi kwenye mlango huo 1995, 1996, 1997 na 1999, na safari ya mwisho, "The Emperor's New Cloak," ni vichekesho vya watu wanaoingia na kutoka kama wanaokwenda gulioni. Nana Visitor, anayeigiza Kira, bado anafurahisha katika sura zake mbili, lakini hakuna kinachodaiwa. Mlango usiogharimu kitu hauna tofauti na dirisha. Hata "Parallels" ya 1993, ya tamthilia nyingine ya Star Trek, ambamo ofisa Worf anarukaruka kati ya ulimwengu mwingi hadi zinatokea Enterprise 285,000 mahali pamoja, ina nguvu zaidi pale mwanzoni ambapo kilichobadilika ni keki ya siku yake ya kuzaliwa tu, iliyokuwa ya chokoleti na sasa ni ya njano. Keki moja mbaya inatisha kuliko meli laki mbili na zaidi.

Nguvu hiyo ya kitu kimoja tunaijua kwetu pia: hadithi za Kihaya zina desturi ambayo mtafiti Peter Seitel aliichukua kuwa jina la kitabu chake cha 1980: msimuliaji anasema alikuja akaona, na wasikilizaji wanamjibu aone ili nao waone. Sisomi humo ombi la kuonyeshwa kila kitu. Wanataka macho ya mtu mmoja aliyefika, na kitu alichokiona.

Basi kwa anayetaka kuandika hadithi yake ya ulimwengu wa pili, Izigo pana vifaa vya kutosha. Kijana anatoka kibanjani jioni ya ukungu, anakatisha rweya, yaani nyika ya majani, anafika kwenye nyumba ileile, migomba ileile. Bibi anamkaribisha na kumpa buni za kutafuna, kama anavyopewa mgeni yeyote. Kwa haraka anazitia mfukoni badala ya mdomoni. Anarudi kwao, anamkuta bibi mlangoni, na mikono yake haina kitu.

Kamera ikae kwenye mfuko huo.