Silaha Kuu na Nyumba ya Bao
Mwaka 2018 mchezo wa kompyuta Stellaris uliongezewa Colossus, chombo kiangamizacho sayari nzima. Watungaji walikizuia kwa busara: dola humiliki kimoja tu, nacho huchukua muda kujiandaa kabla ya kufyatua. Hata hivyo, hufyatua tena na tena. Bao letu, ndugu wa igisoro wa Rwanda, limepima vyema zaidi: nyumba hulimbikiza kete nyingi, lakini ikienda safari mara moja, hadhi yake imekwisha. Mchezaji hana budi kufikiri. Basi tuwafundishapo vijana wa Petite Barrière, Gisenyi, jirani na Goma, mji ulioonja vita, tuwaulize: mwenye nguvu hulipa nini azitumiapo?